Data dhidi ya kipindupindu: mwongozo kamili kwa timu za afya za kando ya Ziwa Victoria

Kipindupindu kikiingia mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, hakingoji mtaalamu atoke Dodoma. Tangu mtu anywe maji yenye vimelea mpaka aanze kuharisha zinaweza kupita saa 12 tu, na mara nyingi hazizidi siku tano. Akianza kuharisha maji mfululizo bila kupata maji ya chumvichumvi au dripu, anaweza kufariki siku hiyohiyo. Akipata tiba mapema, karibu wote hupona. Ndiyo maana kila saa ambayo taarifa inalala kwenye daftari la zahanati, au kwenye simu ya mtu ambaye hakujua aitume kwa nani, ni saa inayogharimu uhai.

Mwongozo huu ni wa watu wanaoishi na kazi hiyo: mganga wa zahanati ya kisiwani, afisa afya wa kata, mtakwimu wa halmashauri, mwanafunzi wa CUHAS, chuo kikuu cha afya pale Bugando, Mwanza, na kijana anayejua kuandika programu ambaye angependa ujuzi wake uwafae watu wa kwao. Nimechagua kipindupindu kwa sababu ndicho kinachorudi mara kwa mara kwenye ukanda wetu, ila hatua nyingi zitakufaa hata kwa surua au homa ya virusi kama ile ya Marburg iliyowapiga jirani zetu wa Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Msimamo wangu ni mmoja, nao unapita katika kila hatua. Hesabu ambayo haibadilishi kitu ambacho timu itafanya kesho asubuhi, iache isubiri. Mlipuko ukiisha utapata muda wa kuandika makala ya kitaalamu. Mlipuko ukiwa umepamba moto, swali ni moja: kesho boti iende wapi, ibebe nini, na ianze na nani?

Kabla ya mlipuko: nani afundishwe nini

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kumfundisha mtu mmoja kila kitu, kisha huyo mtu anahamishwa. Gawanyeni ujuzi. Anayeandikisha wagonjwa ajue kuuliza na kuandika tarehe. Mtakwimu ajue kusafisha orodha na kuchora grafu. Angalau mmoja katika timu ya halmashauri ajue kupanga uchunguzi wa chanzo, yaani kulinganisha waliougua na wasiougua. Na mganga mkuu wa wilaya ajue kuisoma grafu na kuuliza maswali magumu, hata kama hataichora yeye.

Mafunzo yapo hapa nchini. Programu ya mafunzo ya epidemiolojia (elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii) na maabara kwa vitendo ilianzishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili. Ngazi yake ya awali huchukua takriban miezi mitatu, na mtumishi huisoma akiwa kazini kwake, akitumia takwimu za wilaya yake mwenyewe. Hapo ndipo ningemwelekeza mtu yeyote kwanza, kabla hajahangaika na kozi za mtandaoni za akili bandia. Kwa upande wa programu za kompyuta, hakuna haja ya kununua kitu: R (ya mahesabu na grafu), QGIS (ya ramani), Epi Info (ya uchunguzi wa milipuko) na KoboToolbox zote hupatikana bila malipo ya leseni kwa kazi kama hii, na KoboToolbox hukusanya taarifa kwenye simu hata pasipo mtandao, kisha huzituma simu ikipata mawimbi. Kwa mtu anayefanya kazi visiwani, Ukara au Kome, hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Fanyeni zoezi wakati kumetulia. Chukueni orodha ya mlipuko wa zamani, futeni majina, ipeni timu na kuwaambia: leo ni siku ya sita, mna muda wa saa mbili, mtamwambia nini mganga mkuu? Zoezi la namna hiyo hufundisha kuliko semina ya siku tatu ya slaidi.

Hatua ya kwanza: kubalianeni nani anahesabiwa

Kabla ya kuandika jina la kwanza, andikeni kwenye karatasi moja vigezo vya kumhesabu mgonjwa, na karatasi hiyo ibandikwe kila kituo. Kwa kipindupindu, kuharisha kwa maji kwa ghafla maana yake ni kupata choo cha majimaji kisicho na damu mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Pale ambapo mlipuko haujatangazwa, anayetiliwa shaka ni mtu wa miaka miwili au zaidi mwenye hali hiyo pamoja na upungufu mkubwa wa maji mwilini, au aliyefariki kwa kuharisha maji. Mlipuko ukishatangazwa, mtu wa umri wowote anayeharisha maji kwa ghafla anahesabiwa kama mhisiwa. Aliyethibitika ni yule ambaye maabara imeotesha vimelea kutoka kwenye sampuli yake, au imevibaini kwa kipimo cha vinasaba.

Msipokubaliana hapa, kila kitu kitakachofuata kitayumba. Zahanati moja ikihesabu kila anayeharisha na nyingine ikihesabu waliowekewa dripu tu, ramani yako itaonyesha tofauti ya zahanati badala ya tofauti ya ugonjwa. Vigezo vikibadilika katikati ya mlipuko, andika tarehe vilipobadilika. Grafu ikiruka siku hiyo, utajua kwa nini.

Kipindupindu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Usisubiri majibu ya maabara ndipo upige simu kwa mratibu wa wilaya. Mwananchi naye ana namba ya kupiga bure, 199.

Hatua ya pili: orodha ya wagonjwa

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Orodha ya wagonjwa, ambayo wengi kazini tunaiita laini-listi, ni jedwali ambalo kila mgonjwa ana mstari wake mmoja na kila taarifa ina safu yake moja. Hakuna mahesabu ya kisasa yanayoweza kuokoa orodha mbovu. Ukiwa na saa kumi za kufanya kazi, saba zitumie hapa na kwenye kuisafisha.

Weka namba ya mgonjwa, umri na kipimo chake (miaka au miezi, kwa safu mbili tofauti, maana "8" ya mtoto mchanga na "8" ya mwanafunzi wa darasa la pili ni vitu viwili), jinsia, kazi, siku dalili zilipoanza, siku alipofika kituoni, kiwango cha upungufu wa maji, kama sampuli imechukuliwa na majibu yake, na hali yake ya mwisho pamoja na tarehe. Tarehe ya kuanza kuugua na tarehe ya kufika kituoni zisichanganywe kamwe. Ya kwanza inakueleza ugonjwa unavyotembea. Pengo kati yake na ya pili linakueleza watu wanachelewa kiasi gani kufika.

Kisha kuna swali la mahali, na hapa kando ya ziwa ndipo fomu nyingi zinapoanguka. Chukua kijana mvuvi anayeletwa na wenzake usiku, hoi, macho yameingia ndani. Muuguzi anamwuliza, "Pole kaka, unakaa wapi?" Kijana anajibu, "Kwimba." Ni kweli, kwao ni Kwimba, mke na watoto wako huko. Lakini Kwimba haigusi ziwa, na kijana huyu mwezi mzima alikuwa kambini kisiwani. Muuguzi akiandika Kwimba na kuishia hapo, kesho timu itapeleka klorini mahali ambapo hakuna aliyeambukizwa, na kambi yenye maji machafu itaendelea kutoa wagonjwa.

Swali liwe hivi: "Siku tano kabla hujaanza kuharisha, ulilala wapi? Maji ya kunywa mlichota wapi? Ulikula kwa nani?" Andika safu tatu: kwao, alikolala, alikochota maji. Ongeza jina la mwalo na la mtumbwi au la tajiri wake. Wavuvi wenyewe husahau jina la kitongoji, lakini hakuna anayesahau jina la tajiri anayemfanyia kazi. Kwa jina hilo, viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, watakuambia ndani ya dakika chache wenzake wengine wako wapi.

Kina mama wanaoanika dagaa na mama lishe waulizwe kwa makini zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaoshika maji na chakula cha watu wengi. Waulizwe kwa heshima, kwa shikamoo na kwa faragha. Mama akihisi kwamba unatafuta wa kumfungia kibanda, atakujibu kile anachodhani kitakuridhisha, na taarifa yako itakuwa imekufa kabla haijaandikwa.

Hatua ya tatu: safisha kila jioni

Usisubiri mwisho wa wiki. Kila jioni mtu mmoja, huyohuyo kila siku, apitie mistari mipya.

Anza na tarehe. Lahajedwali likiwekwa kwa mtindo wa Marekani, 03/04 linasomwa kama tarehe 4 Machi, wakati muuguzi aliandika tarehe 3 Aprili. Andikeni wote mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, na tatizo litaisha. Kisha tafuta tarehe zisizowezekana: aliyefika kituoni kabla hajaugua, au aliyeugua kesho.

Fuatia majina ya mahali. Igombe ikiandikwa kwa herufi ndogo, kwa herufi kubwa na ikiwa na nafasi tupu mwishoni, kompyuta itahesabu vijiji vitatu. Tengeneza orodha moja ya majina ya kata, vijiji, vitongoji, mialo na kambi, na fomu ya simu imlazimishe mwandishi kuchagua humo. Kambi zisizo kwenye orodha ya serikali ziongezwe pia. Kambi ya msimu haina ofisi ya mtendaji, lakini ina watu wanaokunywa maji.

Halafu waliorudiwa. Mtu huyohuyo anaweza kuandikwa zahanati ya kisiwani, kisha hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure, hospitali ya mkoa alikopewa rufaa. Mara ya kwanza kwa jina la ukoo, mara ya pili kwa jina la ubatizo, mara ya tatu kama baba fulani. Linganisha umri, jinsia, mwalo na tarehe ya kuanza kuugua, kisha piga simu kuthibitisha kabla ya kufuta.

Mwisho, pasipo na taarifa paachwe wazi au paandikwe "haijulikani". Usiweke sifuri. Sifuri ni jibu.

Ukijua R, andika hatua zote hizi kama programu moja inayosoma faili ghafi na kutoa faili safi. Faili ghafi lisiguswe na mtu. Faida yake utaiona siku mganga mkuu wa mkoa atakapouliza kwa nini idadi ya jana imepungua: utamwonyesha mstari kwa mstari nini kilibadilika.

Hatua ya nne: grafu ya siku, na mwezi ulioko angani

Chora nguzo moja kwa kila siku, urefu wake ukiwa idadi ya watu walioanza kuugua siku hiyo. Tumia tarehe ya dalili. Umbo linazungumza. Nguzo zikipanda ghafla na kushuka ndani ya siku chache, shuku chanzo kimoja kwa muda mfupi: msiba, harusi, kisima kimoja. Zikiendelea kwa tambarare ndefu, chanzo bado kipo na watu wanaendelea kukitumia. Zikipanda polepole kwa mawimbi, ugonjwa unapita kutoka nyumba hadi nyumba.

Nguzo za siku mbili tatu za mwisho usiziamini. Daima zitakuwa fupi, kwa sababu walioanza kuugua jana wengi hawajafika kituoni au karatasi yao haijafika kwako. Ziwa likichafuka boti hazivuki, na taarifa za visiwani hukatika. Ukitazama grafu siku hiyo utadhani mlipuko unaisha. Zipake rangi ya kijivu na uandike chini yake: taarifa hazijakamilika. Nimeona vikao vikishangilia kushuka ambako hakukuwepo, na timu zikirudishwa wakati zilihitajika zaidi.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye vitabu vingi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, taa zikiwavuta samaki juu. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu, kazi inasimama, na vijana wengi huondoka kambini kurudi makwao na fedha mkononi. Kwa hiyo kambi hujaa na kupungua kwa kufuata mwezi. Weka alama ya mwezi mpevu kwenye grafu yako. Kama kuna maambukizi kambini, siku zinazofuata mwezi mpevu ndizo za kutazama wagonjwa wa kwanza Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na hata mikoa ya jirani. Hili ni jambo la kupima kwenye orodha yako mwenyewe, usilichukulie kama sheria. Ila kulipima ni kazi ya dakika kumi, na likithibitika litakupa siku kadhaa za kujiandaa kabla ugonjwa haujafika. Dawa na elimu vifike mwaloni kabla vijana hawajapanda boti za kurudi nyumbani.

Hatua ya tano: gawanya kwa idadi ya watu

Idadi ya wagonjwa peke yake hudanganya. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia, mtaa mmoja wa mjini una wagonjwa 40 na wakazi 8,000, na kambi moja ina wagonjwa 18 na watu 600. Kikaoni wote watazungumza kuhusu mtaa. Gawanya: mtaa una wagonjwa 5 kwa kila watu 1,000, kambi ina 30. Hatari kambini ni mara sita. Boti ya kwanza inajua pa kwenda.

Tatizo ni kupata hiyo 600. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Mwanza ukiwa na watu 3,699,872, na takwimu zake za kata ni msingi mzuri kwa maeneo ya kudumu. Lakini sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja, tarehe 23 Agosti, na kambi ya mwezi huo si kambi ya mwezi huu. Kwa kambi, nenda kwa BMU uombe idadi ya mitumbwi iliyopo wiki hii, uliza wastani wa watu kwa mtumbwi, zidisha, kisha ongeza wapishi, waanikaji, wachuuzi na watoto kwa makadirio ya mwenyekiti wa kitongoji. Andika wazi kwamba ni makadirio, na uandike kiwango cha chini na cha juu. Kama kambi inabaki juu hata kwa makadirio makubwa kabisa ya watu, uamuzi wako uko salama.

Hatua ya sita: ramani

Ramani nzuri ya mlipuko ina vitu vichache: wagonjwa kwa mahali walikolala, vyanzo vya maji, vyoo au maeneo ya kujisaidia, vituo vya tiba, na njia za boti. Ikiwa kwenye karatasi ya kuchorwa kwa mkono pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, inatosha kwa siku ya kwanza.

Ukitumia GPS ya simu, kagua jambo moja kabla ya yote. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Jiji la Mwanza liko karibu na latitudo −2.5 na longitudo 32.9. Alama ya kutoa ikisahaulika, mgonjwa wako wa Kirumba anaangukia kaskazini mwa Uganda, jirani na mji wa Lira. Namba mbili zikibadilishana nafasi, anaangukia Morocco. Hayo ni makosa mepesi kuyaona. Gumu zaidi ni nukta zote kurundikana juu ya zahanati, kwa sababu mhudumu alisoma GPS pale alipokaa kuandika. Ukiona rundo la namna hiyo, usiseme umepata kitovu cha ugonjwa. Umepata meza ya mhudumu.

Kwa Mwanza, chora na njia za watu. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba linapokea dagaa kutoka visiwani na wanunuzi kutoka nchi jirani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, msafiri wa Sengerema au Geita hakai tena kungoja kivuko, na timu iliyozoea kutoa elimu na kuwatazama abiria kwenye foleni ile inahitaji kupanga upya mahali pa kukutana nao.

Hatua ya saba: vifo

Gawanya waliofariki kwa wagonjwa wote, kwa asilimia. Kwa kipindupindu chenye tiba nzuri lengo ni chini ya 1. Lakini usiishie kwenye namba moja. Tenganisha waliofia kituoni na waliofia nyumbani, njiani au kambini, kwa kuwa tiba ya tatizo ni tofauti. Vifo vingi kituoni vinakuelekeza kwenye dripu, watumishi wa zamu ya usiku, na jinsi upungufu wa maji unavyopimwa. Vifo vingi nje ya kituo vinakuelekeza kwenye umbali, nauli ya boti, na hofu ya kutengwa. Hapo jibu ni vituo vidogo vya kugawa maji ya chumvichumvi mwaloni kwenyewe, wakiwemo wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Vifo vya kambini havitakuja vyenyewe kwenye orodha. Waulize BMU, viongozi wa dini na wanaochimba makaburi.

Hatua ya nane: tafuta chanzo kwa kulinganisha

Hapa ndipo mafunzo ya utafiti yanapolipa. Kujua kwamba wagonjwa wote walikula dagaa hakukusaidii kitu, kwa sababu mwaloni kila mtu anakula dagaa. Lazima uwaulize na wasiougua.

Mfano wa kujifunzia: umewahoji wagonjwa 30 na watu 60 wa kambi hiyohiyo wasiougua. Kati ya wagonjwa, 27 walikula dagaa na 3 hawakula. Kati ya wazima, 54 walikula na 6 hawakula. Gawanya 27 kwa 3 upate 9; gawanya 54 kwa 6 upate 9. Ulinganisho ni 1. Dagaa hawana hatia. Sasa maji ya ziwa yasiyotibiwa: wagonjwa 24 waliyanywa na 6 hawakunywa, yaani 4, wazima 24 waliyanywa na 36 hawakunywa, yaani 0.67. Nne gawanya kwa 0.67 ni 6. Ukikokotoa mipaka ya uhakika wa asilimia 95, jibu halisi linaweza kuwa popote kati ya takriban 2 na 17. Mipaka ni mipana kwa kuwa watu ni wachache, lakini hata upande wa chini uko juu ya 1, na hiyo inatosha kupeleka dawa ya kutibu maji leo hii bila kungoja watu wengine 200 wahojiwe.

Wazima wachaguliwe kwa haki. Ukiwachukua waliokaa ofisini kwa mtendaji, utapata watu wanaokunywa maji ya chupa. Chagua kwa kila mgonjwa wawili kutoka kambi ileile, wa rika linalokaribiana, na uulize kuhusu siku zilezile. Na wakati mahojiano yanaendelea, sampuli za choo zisafirishwe kwenye chombo chenye Cary-Blair, yaani kitu cha kuhifadhia vimelea viwe hai njiani, kwenda maabara. Takwimu na maabara zikielekeza mahali pamoja, hata mwenye mashaka kikaoni atanyamaza.

Hatua ya tisa: ukurasa mmoja kabla ya saa mbili asubuhi

Kazi yote iliyotangulia iishie kwenye ukurasa mmoja. Juu: wagonjwa wapya, jumla, vifo vya kituoni na vya nje. Katikati: grafu na ramani. Chini, na hapa ndipo pa muhimu, sentensi tatu zenye vitenzi: peleka, funga, tafuta. "Peleka dawa ya kutibu maji kambi ya upande wa magharibi, wagonjwa 30 kwa kila watu 1,000, maji ya ziwa ndiyo yanayoshukiwa." Atakayewajibika aandikwe kwa cheo chake na saa ya kuripoti.

Ukurasa huo ufike pia kwa wenyeviti wa vitongoji na BMU, bila majina ya wagonjwa, kwa lugha ya kawaida. Watu waliotoa taarifa zao wana haki ya kuona zimefanya nini. Na ukiwarudishia, mara nyingine watakuambia kabla hujawauliza.

Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata faili lililo kwenye simu yako. Majina na namba za simu ziwe kwenye faili tofauti lenye nywila, na wanaoliona wawe wachache. Orodha yenye majina isitumwe kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi hilo ni la viongozi watupu. Mwaloni ni mdogo. Umri, kazi na jina la mtumbwi vinatosha kumtambulisha mtu, hivyo hata orodha isiyo na jina inahitaji kulindwa. Kama baadaye mnataka kuchapisha matokeo kama utafiti, ombeni kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya chuo chenu. Andiko la maombi liandaliwe wakati wa utulivu, likiwa na nafasi za kujaza, ili siku ya tukio msianze na ukurasa mtupu.

Mlipuko ukitulia

Kwa kipindupindu, subirini wiki nne mfululizo bila mgonjwa aliyethibitika, huku upimaji wa wanaoharisha ukiendelea. Bila upimaji, kimya hakithibitishi kitu. Kwa Marburg hesabu ni nyingine: kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na siku 42 huhesabiwa bila mgonjwa mpya. Ndiyo maana mlipuko wa Kagera uliotangazwa Machi 2023 ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni.

Kisha kaeni mjaze tarehe nne: ugonjwa ulianza lini, uligunduliwa lini, taarifa ilitolewa lini, na hatua za awali zote zilikamilika lini. Kipimo kinachotumika kimataifa ni 7-1-7: siku saba za kugundua, siku moja ya kutoa taarifa, siku saba za kukamilisha hatua za awali. Palipozidi, andikeni sababu kwa uwazi na gharama ya kuiondoa. "Zahanati haikuwa na mafuta ya boti kwa siku nne" ni sababu inayoweza kuingia kwenye bajeti ya halmashauri. "Uelewa mdogo wa jamii" haiingii popote.

Hifadhini faili ghafi, programu ya kusafishia, orodha ya majina ya mialo na fomu za mahojiano mahali pawili: kwenye kompyuta ya halmashauri na kwa mratibu wa mkoa. Andikeni ukurasa wa maelezo unaoeleza kila safu ina maana gani. Kabla ya mtakwimu kuhama, akae na atakayempokea, waendeshe programu yote pamoja kuanzia faili ghafi hadi ukurasa wa asubuhi, huku mpya ndiye anayebonyeza vitufe.